Naomba ushauri: upasuaji wa kupunguza na kuinua matiti kwa mama ambaye bado anatarajia kunyonyesha

Mwalimu wa Tabora aliandika:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Nimelifikiria tatizo la uzito wa matiti yangu kwa miaka sita, na sasa nimefika mahali ambapo siwezi tena kulibeba peke yangu, kwa hiyo nawaomba wenye uzoefu au wenye elimu ya kitabibu waniambie ukweli bila kunionea haya.

Nina umri wa miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi, nina watoto wawili, na mdogo amefikisha miaka minne. Matiti yangu yalikuwa makubwa tangu nikiwa kidato cha pili, lakini baada ya kumwachisha ziwa mtoto wa pili hayakurudi kama yalivyokuwa. Yamelala, chuchu zinaelekea chini, na uzito wake ninausikia tangu ninapoamka hadi ninapolala. Mikanda ya sidiria imechimba mifereji miwili mabegani ambayo haijai hata nikishinda Jumapili nzima bila kuivaa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ninakunja vipande vinne vya khanga kuukuu: viwili ninaviweka chini ya mikanda, na viwili ninaviweka chini ya matiti ili vinyonye jasho, kwa sababu miezi ya joto, hasa Septemba na Oktoba hapa kwetu, ngozi ya pale chini huchubuka, huwasha na kutoa harufu inayonifanya nijitenge na walimu wenzangu wakati wa chai. Nikiandika ubaoni kwa nusu saa, kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia huingia ganzi, na chaki huniponyoka.

Nimekwenda hospitali mara nyingi. Nimepewa dawa za maumivu, nimepewa dawa ya fangasi ya kupaka, nimepigwa picha ya mgongo ambayo haikuonyesha kasoro, na daktari mmoja aliniambia tatizo langu ni unene. Nilipunguza kilo 9 katika muda wa mwaka mmoja. Uso na kiuno vilipungua, lakini matiti yalibaki na uzito wake, tena yakazidi kulala. Mwaka jana ndipo daktari mwingine aliponieleza kwamba upo upasuaji wa kupunguza matiti na upo wa kuyainua, akanishauri nimwone bingwa wa upasuaji rekebishi, yaani wa kurekebisha viungo na umbo la mwili.

Yanayonisumbua ni haya. Sielewi kama kupunguza na kuinua ni upasuaji mmoja au ni aina mbili, na upi kati yake unaondoa maumivu. Mimi na mume wangu tunatamani mtoto wa tatu, nami nimewanyonyesha wawili wa kwanza miaka miwili kila mmoja, kwa hiyo nauliza kama nitaweza kunyonyesha tena. Jambo jingine ni kwamba nilipotoboa sikio mara ya pili nilipata uvimbe wa kovu mkubwa kama punje ya mahindi, ambao haujapungua hadi leo, nami ninaogopa kifua changu kisije kikawa hivyo. Na la mwisho, mama mkwe wangu, ambaye ninampenda na kumheshimu sana, amesema kwamba kukata kiungo kisicho na ugonjwa ni kubadili maumbile aliyoumba Mwenyezi Mungu. Mume wangu yuko pamoja nami, lakini maneno hayo yameniondolea usingizi.

Dada wa Kigamboni alijibu:

Mwalimu wangu, nimesoma habari ya vipande vya khanga na machozi yamenitoka, kwa sababu mimi nilikuwa nikitumia vipande vya taulo la mtoto. Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti miaka mitatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 38, na nitakueleza yaliyonipata kama yalivyokuwa.

Kwanza, kuhusu aina hizo mbili. Daktari aliyenipasua alinichorea kwenye karatasi, nami nikaelewa hapohapo. Upasuaji wa kuinua huondoa ngozi iliyolegea, hulikusanya titi na kuipandisha chuchu mahali pake, lakini nyama na mafuta ya ndani hubaki karibu yote, kwa hiyo uzito haupungui. Upasuaji wa kupunguza huondoa nyama, mafuta na ngozi, na kwa kuwa titi dogo haliwezi kukaa ndani ya ngozi kubwa wala chuchu haiwezi kubaki kule chini, kila upasuaji wa kupunguza huwa pia ni wa kuinua. Kwa dalili ulizozitaja, yaani mabega, shingo, vidole kuingia ganzi na ngozi kuchubuka, kinachokutesa ni uzito. Ukifanyiwa kuinua peke yake utapata umbo zuri na utarudi na maumivu yaleyale.

Kabla ya siku yenyewe nilifanyiwa vipimo vya damu, kipimo cha moyo, na picha ya matiti ya mamografia kwa sababu nilikuwa nakaribia miaka 40. Kwa umri wako huenda wakatumia ultrasaundi. Niliulizwa mara tatu, na watu watatu tofauti, kama ninavuta sigara au shisha, kwa sababu tumbaku hubana mishipa midogo ya damu na inaweza kusababisha chuchu kufa. Niliambiwa pia niache vidonge vya uzazi wa mpango nilivyokuwa nikitumia, kwa ajili ya hatari ya damu kuganda miguuni. Asubuhi ya upasuaji daktari alinisimamisha wima, akanichora kifua kizima kwa kalamu ya wino kabla sijapewa nusukaputi, kwa maana titi la mtu aliyelala chali halionyeshi mahali linapokaa akiwa amesimama.

Upasuaji ulichukua saa tatu na nusu. Walinitoa gramu 780 upande wa kulia na gramu 710 upande wa kushoto, na nyama hiyo yote ilipelekwa maabara kuchunguzwa. Nilipozinduka nilikuwa na mrija mwembamba wa kutolea damu na maji kila upande, nayo mirija hiyo iliondolewa kesho yake. Kuna jambo watu hawaliamini ninapolisimulia: nilikuwa na maumivu ya vidonda, nimelegea kwa dawa, lakini nilipoketi kitandani kwa mara ya kwanza shingo yangu ilikuwa nyepesi. Nilimwambia dada yangu aliyekuwa ananiuguza kwamba kuna mtu ameniondolea ndoo ya maji kichwani.

Sitakuficha ugumu wake. Wiki mbili za kwanza nililala nimeegemea mito minne, chali, na sikuweza kuinua mikono kufika kichwani. Mama yangu alikuja kutoka Lindi kunisuka na kuniogesha kiunoni kushuka chini, kwa sababu vidonda havikutakiwa kuloa. Nilivaa sidiria ya upasuaji, ile isiyo na waya inayofungwa kwa mbele, usiku na mchana kwa wiki sita. Nilirudi ofisini baada ya wiki mbili, lakini kazi yangu ni ya kukaa mezani. Wewe unayesimama, unayeandika ubaoni na kubeba rundo la madaftari, omba ruhusa ya mwezi mmoja hadi wiki sita, na ikiwezekana panga upasuaji mwanzoni mwa likizo ndefu. Ndoo ya maji, mtoto mgongoni, kufua kwa mikono na kutwanga, vyote hivyo viache mpaka daktari akuruhusu.

Chini ya titi la kushoto, pale mishono inapokutana, palifunguka kidonda kidogo kama punje ya haragwe katika wiki ya tatu. Niliogopa mno. Kilisafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufungwa kwa shashi kila siku, kikajifunga chenyewe baada ya wiki tano bila kushonwa tena. Hisia za chuchu ya kulia zilirudi baada ya miezi minane; ya kushoto bado ni nusu. Kuhusu gharama, bima niliyokuwa nayo ilikataa kwa kuliita suala la urembo, na nililipa mwenyewe kwa fedha za kikoba. Kwa hiyo usikubali kutajiwa bei ya upasuaji peke yake. Omba mchanganuo wa maandishi unaojumuisha dawa ya usingizi, kitanda, uchunguzi wa maabara, sidiria, na kusafishwa vidonda, ukaongeze nauli ya kutoka Tabora na mahali pa kukaa Dar es Salaam angalau wiki mbili.

Muuguzi Mstaafu, Mombasa, alijibu:

Mwanangu mwalimu, nimefanya kazi katika wodi za upasuaji kwa miaka 27, na kadhia yako nimeiona kwa wanawake wengi, wengine wakiwa wasichana wa miaka 19 walioacha michezo na hata shule kwa kuona haya. Aliyekutangulia kukujibu amesema kweli tupu. Mimi nitajaza pale alipopaacha.

Nianze na kunyonyesha, kwa sababu ndilo swali ambalo mabingwa wengi hulijibu kwa haraka. Ndani ya titi mna tezi za maziwa na mirija inayoelekea kwenye chuchu. Daktari anapopunguza titi huacha kipande cha nyama ambacho ni kama kikonyo cha embe, na hicho kikonyo ndicho kinachobeba mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na mirija hadi kwenye chuchu inapopandishwa. Kikonyo kinaweza kuachwa upande wa chini, wa juu, au wa juu kuelekea katikati ya kifua, kulingana na umbo la titi na mazoea ya daktari. Nyama iliyo nyuma ya chuchu ikiachwa imeungana na mirija yake, wanawake wengi huweza kunyonyesha kwa kiasi fulani, wengine kikamilifu na wengine kwa kuongezea maziwa ya kopo. Hakuna daktari mwaminifu anayeweza kukupa ahadi. Lakini matiti yakiwa makubwa kupita kiasi na chuchu ikiwa mbali mno, damu haiwezi kufika kupitia kikonyo kirefu namna hiyo, na hapo chuchu huondolewa kabisa na kupandikizwa kama kiraka cha ngozi. Njia hiyo ni ya zamani, ilielezwa na Max Thorek wa Chicago mwaka 1922, na bado ina nafasi yake, ila anayefanyiwa hivyo hanyonyeshi tena na hisia za chuchu hupotea kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa bingwa liwe hili: chuchu yangu itabaki kwenye kikonyo au itapandikizwa? Na mweleze mapema, kabla hajashika kalamu, kwamba unataka mtoto mwingine.

Ushauri wangu binafsi kama mama ni kwamba, ikiwa mimba mmeipanga ndani ya mwaka mmoja au miwili, zaeni kwanza. Ujauzito huyakuza matiti upya na kuyalegeza, na kazi iliyofanywa inaweza kuharibika. Ukishamwachisha mtoto ziwa, subiri miezi sita ili titi litulie ndipo lipasuliwe. Lakini ikiwa mtoto wa tatu ni tamaa ya miaka mitano ijayo, na leo chaki inakuponyoka mkononi, hakuna sababu ya kitabibu ya kukulazimisha kuteseka miaka yote hiyo.

Makovu sasa. Kovu la kawaida la upasuaji huu huzunguka ngozi nyeusi ya chuchu, hushuka wima hadi chini ya titi, kisha hulala kwenye mkunjo wa chini, likafanana na nanga ya jahazi. Ramani hiyo ya kukata ngozi hujulikana kwa jina la Robert Wise, aliyeieleza mwaka 1956 baada ya kuchukua wazo lake kutoka kwenye vipande vya kitambaa vinavyoshonwa kuwa sidiria. Ipo pia njia yenye kovu la kuzunguka na la wima peke yake, ambayo huwafaa zaidi wenye matiti ya ukubwa wa wastani. Mahali ambapo mstari wa wima unakutana na ule wa chini ndipo ngozi huvutwa zaidi na damu hufika kwa shida, na ndiyo maana kidonda cha dada wa Kigamboni kilifunguka palepale. Sisi wauguzi pembe ile tulikuwa tukiitazama kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Uvimbe wa sikio lako ni jambo la kumwambia daktari siku ya kwanza, tena umwonyeshe sikio lenyewe. Sisi watu wa ngozi nyeusi tunapata makovu ya kuvimba kuliko wengine, lakini yako ya namna mbili. Liko kovu nene linaloinuka na kubaki ndani ya mipaka ya kidonda, ambalo aghalabu hupungua baada ya mwaka au zaidi; na liko lile linalotambaa nje ya mipaka, kama la sikio lako linavyoelekea kuwa, ambalo halipungui lenyewe. Sehemu za mwili zinazolipata zaidi ni ndewe ya sikio, mabega na katikati ya kifua juu ya mfupa. Kwa sababu hiyo daktari mzuri hujitahidi kovu la chini lisifike katikati ya kifua wala makovu ya matiti mawili yasikutane. Historia yako haimaanishi kwamba upasuaji hauwezekani. Inamaanisha kwamba mpango wa kulinda kovu uwepo kabla ya kukatwa, nao ni kubandika karatasi za silikoni saa nyingi kila siku kwa miezi mitatu au zaidi mara vidonda vikishapona, na kuanza sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kovu mapema, mara tu linapoanza kuwasha na kuinuka. Kovu hukomaa kati ya miezi 12 na 18, kwa hiyo usilihukumu likiwa na miezi mitatu.

Nitaje hatari nyingine bila kukutisha: damu kukusanyika ndani usiku wa kwanza, maambukizi, mafuta ya ndani kufa na kuwa bonge gumu, matiti kutolingana, na mara chache sehemu ya chuchu kufa. Usiku wa kwanza tulikuwa tunabonyeza chuchu kwa kidole kila baada ya saa moja na kuangalia damu inavyorudi. Kwa mwenye ngozi nyeusi rangi peke yake inadanganya, hivyo tulikuwa tunapima pia joto lake kwa mgongo wa mkono. Titi moja likivimba na kukaza ghafla kuliko jingine, au ukipata homa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usingoje asubuhi. Niliwahi kumpokea binti aliyepasuliwa katika kliniki moja na mtu ambaye hakuwa bingwa wa fani hii, akakaa nyumbani siku nne akiambiwa kwa simu kwamba weusi wa chuchu ni kawaida. Alipofika kwetu hapakuwa na la kuokoa. Kwa ajili ya huyo binti ninakuomba uthibitishe usajili na ubingwa wa daktari wako katika Baraza la Madaktari la nchi yako. Si kosa wala utovu wa adabu kumuuliza amesomea wapi upasuaji rekebishi na amekwisha kupunguza matiti ya wanawake wangapi.

Mama wa Njiro alijibu:

Mimi ni yule aliyefanya nusu ya haya. Matiti yangu hayakuwa mazito, yalikuwa yamelala tu baada ya kunyonyesha watoto wawili, chuchu zikiwa zimeshuka chini ya mkunjo, nami nilikuwa sina maumivu bali nilikuwa siwezi kujitazama. Nilifanyiwa kuinua peke yake, upasuaji wa kama saa mbili, na kwa mwaka mmoja na nusu nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kisha nikapata mimba ambayo hatukuipanga. Niliweza kunyonyesha, namshukuru Mungu, maana nyama ya ndani haikuguswa sana, lakini matiti yalijaa, yakatanuka, na nilipomwachisha mtoto yakashuka tena, safari hii yakiwa na makovu. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba jambo hilo linaweza kutokea, na mimi ndiye niliyedhani halitanipata. Kwa hiyo suala la mtoto wa tatu, mwalimu, likae mezani kati yako na mumeo kabla ya suala la tarehe.

Niongeze pia kwamba kabla ya upasuaji nilipoteza fedha nyingi kwa krimu na mafuta yanayouzwa mitandaoni kwa madai ya kunyanyua matiti. Ngozi iliyokwisha kutanuka hairudishwi kwa kupaka, na krimu haiwezi kuondoa uzito wa titi.

Binti wa Tanga alijibu:

Assalamu alaykum, mwalimu. Sijui dini yako, ila kwa kuwa umeyataja maneno ya mama mkwe, nitasema nililofundishwa baada ya kumpeleka mdogo wangu kwa shehe wetu na swali hilohilo. Kubadili umbo kwa ajili ya kutafuta uzuri peke yake kumekatazwa, na karipio lake ni kali. Lakini kuondoa madhara ni tiba, na tiba imeruhusiwa. Shehe alitukumbusha habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab, akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kutoa harufu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru atengeneze ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Mwisho alimuuliza mdogo wangu swali moja: je, ungekuwa huna maumivu, ungeutaka upasuaji huu? Mdogo wangu alijibu kwamba asingethubutu hata kuufikiria, na shehe akasema basi nendeni hospitali.

Mama mkwe wako huenda hajawahi kuiona ile mifereji ya mabegani. Mama yetu mzazi naye alipinga kwa miezi mingi, hadi siku aliyomsaidia mdogo wangu kuoga na kuona ngozi ya chini ilivyochubuka ikawa mbichi kama nyama iliyochunwa. Alinyamaza, akaenda chumbani, akarudi na fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya paa la jikoni.

Mwalimu wa Tabora aliandika:

Shikamoo mama wa Mombasa, na ninyi dada zangu nawashukuru nyote. Nimewasomea majibu haya mume wangu na mama mkwe jana baada ya chakula cha jioni, neno kwa neno. Mimi ni Mkristo, lakini mama aliisikiliza habari ya Arfaja kwa makini, kisha akaniomba nimwonyeshe mabega. Nilishusha gauni upande mmoja. Alipitisha kidole chake ndani ya mfereji wa kulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, akauliza umeanza lini, nikamwambia tangu kabla sijaolewa na mwanawe. Hakusema zaidi, ila asubuhi ya leo amesema kwamba atakuja kukaa na watoto nitakaposafiri.

Kuhusu mtoto wa tatu, tumekubaliana kwamba nitamwona bingwa kwanza, nimweleze nia yetu, na nisikie chuchu zangu ziko umbali gani na njia ipi inafaa, ndipo tuamue kipi kitangulie. Daktari wangu ameniambia kwamba Muhimbili katika tawi la Mloganzila wana huduma hii na ameanza kuandika barua ya rufaa. Nimemwomba aeleze dalili zote, pamoja na ganzi ya vidole, tarehe za matibabu ya fangasi na zile kilo 9, ili suala langu lisionekane kuwa la urembo. Je, kuna kitu cha kujiandaa nacho kwa ajili ya siku hiyo ya kwanza?

Muuguzi Mstaafu, Mombasa, alijibu:

Marahaba, mwanangu. Vaa blauzi yenye vifungo vya mbele, maana utavua na kuvaa mara kadhaa, na nenda na mtu wa kuandika, kwa kuwa nusu ya utakayoambiwa utayasahau njiani. Chukua sidiria unayoivaa kazini pamoja na vile vipande vya khanga, umwonyeshe daktari mahali unapoviweka. Kama katika ukoo wenu, upande wa mama au wa baba, kuna aliyeugua saratani ya matiti, uliza mapema ujue ni nani na alikuwa na umri gani, kwa sababu hilo utaulizwa. Dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, ziandike, kwani baadhi huongeza kutoka kwa damu. Na usifunike uvimbe wa sikio kwa kilemba siku hiyo.